Jina la Kanga, Nyama ya Bata Mzinga

Kabla sijamgusa bata mzinga hata siku moja, nilikuwa nimeandika jinsi ya kumwoka mara kumi na nne. Nilihesabu. Makala ya maneno mia tano, ya maneno mia nane, moja ndefu ya maneno elfu mbili kuhusu mchuzi peke yake.

Ilikuwa kazi ya mtandaoni. Kama umeishi Kenya na una miaka ishirini na kitu, unamjua mtu anayeifanya, au mtu huyo ni wewe. Mteja yuko Ohio au Texas. Unamwandikia insha ya chuo, au makala ya mapishi, yeye anaweka jina lake juu, wewe unatumiwa doo kwa simu. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliposhinda watu wa nyumbani. Tangu hapo nimewavusha Wamarekani kadhaa kwenye kozi zao. Wao wana vyeti. Mimi nina laptopu iliyokatika bawaba.

Kila Novemba kazi za bata mzinga zilimiminika, kwa sababu Wamarekani humla Alhamisi ya nne ya mwezi huo, siku yao ya kutoa shukrani. Ningeamshwa saa nane usiku ningekuambia: nyama ya ndani ifike nyuzi 74, kidari hukauka kabla paja halijaiva, ukimtoa kwenye oveni mwache apumzike nusu saa kabla hujamkata. Nilijua haya yote kama kasuku anavyojua salamu.

Sasa, dani yangu anaishi nje kidogo ya mji wa Homa Bay, upande ambao ukisimama uani unauona mlima Asego. Ni mjane, ni Msabato, na hapendi majibu ya kuzungukazunguka. Novemba ya 2022 alinipigia simu akauliza siku hizi naandika nini. Nikamwambia naandika kuhusu kuoka ndege mkubwa.

“Na wewe umemla?”

“Bado, dani.”

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, “Basi unawadanganya.”

Ndiyo maana Desemba hiyo nilijikuta Awendo natafuta bata mzinga.

*

Awendo iko kaunti ya Migori, kwenye barabara kuu inayotoka Kisii kuelekea Tanzania. Watu wengi wanaijua kwa sababu ya sukari: kiwanda cha SONY kilianza kusaga miwa pale mwaka 1979, na herufi hizo zinatokana na South Nyanza, jina la wilaya ya zamani iliyozibeba Migori na Homa Bay kabla hazijatenganishwa. Mpaka leo, msimu wa kukata miwa, trekta moja ikiharibika barabarani basi kila mtu anachelewa.

Lakini jina la mji lilikuwepo kabla ya sukari. Awendo, kwa Dholuo, ni kanga. Yule ndege wa madoadoa mwenye kichwa kama amevaa kofia ya chuma, ambaye pwani walimwona wakaita leso kwa jina lake. Nilikuwa nimepita Awendo mara nyingi bila kulifikiria jina hilo. Siku hiyo nililifikiria, kwa sababu nilikuwa na swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kunilipa nilijibu: kwa nini Mwingereza anamwita ndege huyu kwa jina la nchi ya Uturuki?

Hadithi yenyewe iko hivi. Kanga ni Mwafrika. Zamani sana alifikishwa Ulaya, Wagiriki na Warumi wakamjua. Wagiriki walimwita meleagris, kutokana na hekaya ya dada za shujaa Meleagros waliomlilia kaka yao hadi wakageuzwa kuwa ndege, na madoa ya kanga yakawa machozi yao. Baadaye, Waingereza walipoanza kumpata kanga kupitia wafanyabiashara waliotoka pande za Dola ya Uturuki, walimwita kuku wa Kituruki.

Bata mzinga naye ni mtu wa Meksiko. Wenyeji wa huko walimfuga kwa karne nyingi kabla Hernán Cortés hajashuka pwani yao mwaka 1519. Wahispania wakamvusha bahari, na ndani ya miongo michache alikuwa Uingereza. Mwingereza akamtazama ndege huyu mkubwa, mwenye kichwa kisicho na manyoya, akaona anafanana na yule kuku wa Kituruki anayemjua. Akampa jina lile lile. Kisha, pole pole, kanga akanyang’anywa jina akabaki kuitwa kwa jina la Guinea, na mgeni akabaki na jina ambalo lilikuwa la Mwafrika kwanza.

Hata wanasayansi waliingia mtego huo. Linnaeus alipoandika majina ya wanyama wote mwaka 1758, bata mzinga alimwandika Meleagris gallopavo. Meleagris! Kanga. Yale machozi ya dada za Meleagros yamebandikwa kwa ndege ambaye hana hata doa moja la kanga.

Na si Waingereza peke yao waliochanganyikiwa. Waturuki wenyewe wanamwita hindi, kwa maana katoka India. Wafaransa pia wanasema katoka India. Waholanzi wanamtaja kwa jina la mji wa Calicut. Wareno wanasema ni Peru. Wamalay wanasema ni kuku wa Kiholanzi. Misri ni jogoo wa Kirumi, na ukienda Palestina na Lebanoni ni wa Habeshi, yaani wanamsukumia jirani yetu Ethiopia. Ulimwengu mzima umekubaliana jambo moja tu kuhusu bata mzinga, kwamba katoka kwa watu wengine. Meksiko, kwao, ndiko hakuna anayekutaja. Kiswahili angalau hakikumsingizia mtu. Kilimwita bata, ambaye si bata, kikaongeza mzinga, kikaendelea na shughuli zake.

Nilielewa kitu pale Awendo, nimesimama nje ya boma la mama mmoja anayefuga bata mzinga sita. Nilielewa kwa nini habari hii ilinikaa kooni. Kuna mtu anafanya kazi, na kuna mtu jina lake linaandikwa juu. Mimi najua upande gani nimesimama.

Mama aliomba elfu tano na mia tano. Tukashuka hadi elfu nne na mia nane.

*

Kutoka Awendo hadi Homa Bay unapitia Rongo, halafu Rodi Kopany. Makanga alimtazama bata mzinga wangu ndani ya gunia, kichwa kikiwa nje, akasema, “Huyu analipa kiti.” Nikabishana. Abiria wakaniunga mkono, kwamba kuku hulipi. “Hii ni kuku?” makanga akauliza, na kusema ukweli sikuwa na jibu. Tukaelewana mia moja, akae miguuni pangu.

Safari za ndege huyu hazijawahi kuwa rahisi. Katika miaka ya 1720, mwandishi Daniel Defoe aliandika jinsi bata mzinga walivyoswagwa kwa miguu kutoka Norfolk na Suffolk hadi London, makundi ya kati ya 300 na 1,000 kwa mara moja. Inasimuliwa kwamba wengine walivalishwa viatu, ngozi na lami, ili miguu isiharibike njiani. Wakati huo maskini wa Uingereza hawakumla sana. Ndege wa Krismasi wa mtu wa kawaida alikuwa bata bukini. Bata mzinga alikuwa wa mezani kwa wenye uwezo, na wenye uwezo walipohamia makoloni walihama na meza zao.

Meza hizo zilifika pande zetu pia. Novemba ya 1906, wamisionari wa Waadventista Wasabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, wakiongozwa na Mkanada Arthur Carscallen, pamoja naye Peter Nyambo kutoka nchi ambayo leo ni Malawi. Kutoka Homa Bay ni mwendo mfupi ukifuata ziwa. Dhehebu la dani yangu limeanzia pale. Na pale pale karibu, Kanyadhiang, miaka ya 1890, alizaliwa kijana aliyekuja kuitwa Hussein Onyango Obama.

Unamjua kwa sababu ya mjukuu wake. Lakini mimi namtaka yeye, kwa sababu ya kazi yake. Onyango alikuwa mpishi wa wazungu. Alifanya kazi hiyo Nairobi na kwingineko kwa miaka mingi, kabla hajahamia Alego kwa mababu zake. Chini ya sheria ya mwaka 1928 ya kusajili watumishi wa nyumbani, mtu kama yeye alibeba kijitabu chenye jina lake, alama zake za vidole, na nafasi ya kila mwajiri kuandika maoni. Kijitabu cha Onyango kilihifadhiwa, na mjukuu wake akakieleza katika kitabu chake cha kwanza. Waajiri kadhaa walimsifu. Mmoja aliandika kwamba hafai, na kwamba hastahili mshahara wa shilingi sitini kwa mwezi.

Niliposoma hayo nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mimi pia nina kijitabu. Kiko kwenye tovuti, kina nyota. Nyota tano, nyota nne, na Mmarekani mmoja aliyenipa nyota mbili kwa sababu mchuzi wangu, ambao sikuwahi kuuonja, ulikuwa na mabonge.

Mpishi wa nyumba ya kizungu alijua oveni. Alijua kuchoma nyama nzima bila kuikata, kuitoa ikiwa na rangi ya dhahabu, kuipeleka mezani kwenye sinia. Halafu alirudi jikoni. Kisu cha kukatia kilishikwa na bwana wa nyumba, mbele ya wageni, kwa sababu huko kwao kumkata ndege mezani ni kazi ya heshima. Kumpika ni kazi ya mtumishi.

Halafu Novemba ya 2009, mjukuu wa mpishi alisimama nje ya Ikulu ya Marekani akamsamehe bata mzinga anayeitwa Courage asichinjwe. Ni mchezo wao wa kila mwaka, ulianza rasmi na George H. W. Bush mwaka 1989. Watu walicheka na kupiga picha. Sijui kama kuna aliyemkumbuka babu wa Kendu Bay siku hiyo. Mimi ndiye nakwambia sasa.

*

Bata mzinga alichinjwa Ijumaa mchana, tarehe 23, na binamu yangu. Ilibidi iwe Ijumaa kwa sababu Jumamosi ni Sabato na dani hakutaka kusikia kisu wala moto. Kabla hajakubali achinjwe, aliuliza swali ambalo Msabato yeyote wa Homa Bay angeuliza.

“Anakubaliwa?”

Kwa Wasabato mumi hapiti, hana magamba. Nikamhakikishia bata mzinga si ndege wa kula mizoga, yumo upande wa kuku. Akakubali. Tulimnyonyoa kwa maji moto, na alipokwisha alikuwa na kilo saba kasoro kidogo. Nikampaka chumvi nje na ndani, nikamlaza kwenye friji ya duka la shangazi, katikati ya soda. Kumbe Sabato ndiyo ilitufaa. Chumvi ikikaa siku moja na zaidi inaingia ndani ya nyama, kidari hakikauki sana. Hayo nilikuwa nimeyaandika mara kumi na nne.

Tatizo lilikuwa oveni. Dani ana umeme, taa nne na mahali pa kuchajia simu. Anapika kwa kuni na makaa. Keki anaoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na inaiva vizuri kuliko nyingi za dukani. Lakini hakuna sufuria ya nyumbani inayomtosha ndege wa kilo saba akiwa mzima.

“Mkate vipande,” shangazi akasema. “Kwani ni lazima awe mzima?”

Hilo swali lilinifuata usiku wote.

Mjini kuna mwokaji mikate mwenye tanuri la matofali linalotumia kuni. Jumapili ile ya Krismasi alikuwa ameoka tangu alfajiri, watu walitaka mikate, na kufikia saa tatu asubuhi alikuwa amemaliza. Nikafika na sinia kichwani. Nilidhani atanicheka. Hakunicheka, alisema hata mbuzi amewahi kuletewa.

Na hapo ndipo niliona kwamba sikuwa nafanya jambo geni hata kidogo. London ya karne ya 19, familia maskini hazikuwa na oveni. Siku ya Jumapili na siku ya Krismasi walibeba nyama yao hadi kwa mwokaji mikate, wakamlipa senti chache aiweke ndani ya tanuri lililokuwa bado lina joto la mikate. Charles Dickens ameliweka jambo hilo kwenye hadithi yake ya Krismasi ya 1843: bata bukini wa familia ya karani Cratchit anaokwa kwa mwokaji mikate. Mwisho wa hadithi tajiri Scrooge, baada ya kutubu, anawatumia bata mzinga mkubwa kiasi kwamba hawezi kubebwa kwa mikono, lazima apandishwe gari la farasi. Hadithi hiyo ilichangia sana kumfanya bata mzinga aonekane ndiye nyama ya Krismasi. Watu wanasahau kwamba karani hakuwa na oveni.

Mwokaji wangu alirusha konzi ya unga kwenye sakafu ya tanuri. Ukawa mweusi mara moja. “Ngoja,” akasema. Tukangoja. Akarusha tena, safari hii ukapata rangi ya kahawia taratibu. “Sasa.” Hakuna kipimajoto. Katika makala zangu zote kumi na nne nilikuwa nimesisitiza kipimajoto.

Nilimfunika kidari kwa foili, nikamweka limau na kitunguu saumu tumboni, rosemari niliyochuma kwenye ua wa jirani, Blue Band chini ya ngozi. Saa tatu na nusu ndani. Mwokaji alimgeuza mara mbili kwa lile koleo refu la mikate. Nusu saa ya mwisho tukatoa foili. Kuangalia kama ameiva alimdunga kwenye paja kwa waya wa baiskeli uliochemshwa, akatazama maji yanayotoka. Yalikuwa meupe, hayana damu. Alikataa pesa nilizompa zote, akachukua mia tatu na shingo.

*

Sasa turudi kwa swali la shangazi. Kwani ni lazima awe mzima?

Kwetu kuku hafiki mezani akiwa mzima. Anakatwa jikoni, na anapokatwa kila kipande tayari kina mwenyewe. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Paja linajulikana linaenda wapi. Watoto wanajua zamu yao ni mabawa na miguu. Hakuna anayegawa mbele ya watu, kwa sababu ugawaji ulifanyika zamani, kabla hujazaliwa. Nikimkata bata mzinga jikoni, kanuni hiyo inamfuata hata yeye, mgeni wa Meksiko.

Na kanuni hiyo ilikuwa kali kuliko tunavyokumbuka. Kwa Waluo wa zamani, kama kwa majirani zao wengi wa magharibi ya Kenya, mwanamke hakula kuku. Wala mayai. Alifuga, alichinjiwa, alipika, alipakua, akanawa mikono. Dani alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Aliniambia mamake alipika kuku maisha yake yote na akafa bila kumwonja. Yeye mwenyewe alianza baada ya kuolewa, kwa sababu mumewe alikuwa mwalimu wa misheni na alisema hayo yamepitwa na wakati. Lakini hata hapo alikula mgongo. Miaka sitini, mgongo.

Tuliweka sinia mezani saa nane na nusu mchana. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Ndege alikuwa na rangi ya mbao iliyopakwa vanishi, na watoto walinyamaza, jambo ambalo si kawaida. Halafu kila mtu akatulia, kwa sababu hakuna aliyejua nani anafanya nini. Ami yangu ndiye mwanamume mkubwa pale. Alitazama kisu. Akanitazama. Nadhani alingoja nimwambie achukue, na kama angechukua hakuna ambaye angeshangaa, si kwetu, si London.

Nilikigeuza kisu mpini ukawa upande wa dani.

“Mimi?” akasema.

“Wewe ndiye mwenye boma.”

“Sijui anakatwaje huyu.”

“Hata mimi sijui,” nikamwambia. “Nimeandika tu.”

Ami alicheka. Kicheko chake kilitusaidia, nitamshukuru daima kwa hicho kicheko, kwa sababu angeweza kununa. Dani alisimama. Alipapasa kwa kidole mahali paja linapoungana na mwili, kama anavyofanya kwa kuku, akapata kiungo, akakata. Alikata vizuri. Ukikata kuku miaka sitini jikoni, mikono yako inajua. Paja la kwanza alimpa ami. La pili alimpa shangazi, na shangazi akatazama sahani kama kuna kosa. Watoto walipewa kidari, nyama tupu, mpaka mmoja akauliza kama ni yake yote. Mimi nilipewa bawa, zima, kubwa kama mkono wa mtoto.

Kisha dani akajikatia kipande kinene cha kidari na ngozi yake, akaketi, akala bila kusema kitu. Sote tulikuwa tunamtazama na kujifanya hatumtazami.

“Ni kikavu kidogo, nyakwara,” akasema hatimaye.

Ilikuwa kweli. Kidari kilikuwa kimekauka kidogo, pamoja na chumvi yangu na foili yangu.

“Wale unaowaandikia, waambie wapike mchuzi mwingi.” Akavuta bakuli karibu, akamega ugali. “Na uandike jina lako.”